Tafiti za elimu za huku Nyanza na Magharibi ziko wapi? Nimetafuta ERIC na Google Scholar, naambulia za Marekani

#1 NyarAhero
Habari za jioni wadau. Nafundisha junia sekondari hapa Kisumu, na jioni nasomea uzamili wa elimu. Mada yangu ni wasichana wanaorudi shule baada ya kujifungua. Msimamizi amenirudishia sura ya pili, pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: "Tafiti za hapa kwetu ziko wapi?" Kwa sababu kweli nilichojaza pale ni Marekani, Uingereza na Afrika Kusini.

Nimeingia ERIC, ile hifadhidata ya tafiti za elimu, nikaandika "teenage mothers school re-entry Kisumu County". Karibu hakuna kitu. Maneno hayo hayo nikayapeleka Google Scholar, nikamwagiwa maelfu ya matokeo, na ukurasa wa kwanza tu una makala za Ghana, za Malawi, na moja ya ufugaji wa samaki.

Sasa nauliza: hakuna aliyetafiti, au zipo mahali nisipopaona? Darasani kwangu kuna binti aliyerudi muhula huu. Amechagua dawati la nyuma karibu na mlango, ili nyanya yake akimleta mtoto kunyonya atoke bila kuwasumbua wenzake. Siwezi kuamini kwamba jambo kama hili halijawahi kuandikwa na mtu.

#2 JaKondele
Hazipo, dada. Nakwambia mapema usipoteze bando. Pesa ya utafiti hapa hutoka kwa mashirika, na mashirika hutaka ripoti, si makala. Ripoti ikishasomwa kwenye mkutano wa hoteli inawekwa kwenye kabati. Msimamizi anakudai kitu ambacho nchi haijalipia.

#3 MkutubiNax
JaKondele usimvunje moyo mtu kabla hajafungua milango yote. Mimi ni mkutubi hapa Nakuru na swali hili huletwa kwenye dawati langu kila muhula.

Mwalimu, tatizo la kwanza ni hayo maneno "Kisumu County". Kaunti zimezaliwa na katiba ya 2010 na zikaanza kazi 2013. Mtu aliyetafiti 1998 au 2006 aliandika "Kisumu District" au "Nyanza Province". Ukiandika kaunti peke yake, umefuta kazi yote ya kabla ya hapo kwa mkono wako. Hivyo hivyo kwa madarasa. Kuanzia 1985 hadi Darasa la Nane la mwisho 2023, watafiti waliandika "Standard Eight" au "Class 8". Ukitafuta "Grade 8" utapata watoto wa Ohio.

La pili, ERIC haifikiri kwa maneno yako. Kila rekodi hupewa maneno maalumu kutoka kwenye thesauri yao, yanaitwa descriptors. Msichana wako huko anaweza kuwa chini ya "Pregnant Students", "Early Parenthood" au "Reentry Students". Andika descriptor:"Pregnant Students" halafu AND Kenya, uone.

La tatu ambalo wengi hawalijui: karibu kila kitu kinachohusu nchi isiyo Marekani hupewa pia neno "Foreign Countries". Ukishapata matokeo, angalia upande wa kushoto kuna kichujio cha Location. Bonyeza Kenya. Hapo samaki watatoka wenyewe.

#4 OmwanaWaMumias
Mkutubi anasema samaki watatoka na dada ni wa Ahero. Hao atawarudisha kwenye sufuria 😂

Lakini kwa uzito: mbona sisi ni "Foreign Countries"? Utafiti wa Kisumu ni wa kigeni kwa nani?

#5 TakwimuTupu
Kwa mwenye hifadhidata. ERIC ni ya chuo kikuu kimoja cha Marekani, kwa hiyo wanaweka mambo yao kwanza. Huwezi kumlaumu mtu kwa kupanga nyumba yake.

#6 MzeeNjoro
Nimrekebishe kidogo TakwimuTupu. ERIC si ya chuo. Ni ya serikali ya Marekani, chini ya Wizara yao ya Elimu, ilianzishwa 1964. Ndiyo maana hata leo kuitumia ni bure, hakuna nywila wala kujiandikisha. Nyingi za hifadhidata nyingine kubwa huuzwa.

Nimefundisha walimu miaka mingi kabla ya kustaafu. Miaka ya 1980 ERIC tuliisoma kwenye mikrofishi: kipande cha filamu ukubwa wa postikadi, na ndani yake kurasa ndogo ndogo zimepangwa kwa mistari. Unakitia chini ya kioo cha mashine, unazima taa ya chumba, unasogeza kwa kidole mpaka ukurasa wako uonekane. Ripoti zenye namba inayoanza na ED ndizo zilikuwa kwenye mikrofishi. Zenye EJ ni makala za majarida. Tofauti hiyo ipo hadi leo na ina faida: ED nyingi utapakua nzima bila malipo, EJ mara nyingi utapata ikisiri tu na kiungo cha kwenda kwa mchapishaji. Mwalimu, weka tiki kwenye kisanduku cha "Full text available on ERIC" uanzie hapo.

Na kwa swali lako la msingi, mimi naona jibu ni tasnifu. Watu wa huku wametafiti sana. Kazi zao zina jalada gumu jeusi na maandishi ya dhahabu, zimepangwa kwenye rafu za juu za vyuo vyetu, na hazijawahi kuingia kwenye hifadhidata yoyote ya ng'ambo.

#7 BintiBungoma
Wote mmesema ukweli ila mnatafuta kwenye kabati moja tu, la elimu. Mimi nilisomea uchumi. Tafiti za shule zinazojulikana duniani kutoka Magharibi mwa Kenya zilifanywa na wanauchumi, na ziko kwenye majarida ya uchumi.

Mfano mkubwa ni dawa za minyoo kwa watoto wa shule Busia, makala ya Miguel na Kremer ya 2004. Ilitoka Econometrica. Na hii hapa, NyarAhero, ni yako kabisa: Duflo, Dupas na Kremer, American Economic Review, 2015. Walichukua shule za msingi 328 za uliokuwa Mkoa wa Magharibi. Baadhi wakawapa wanafunzi sare za bure, baadhi wakawafunza walimu somo la UKIMWI, nyingine zikapata vyote viwili. Sare peke yake ilipunguza kuacha shule na ilipunguza mimba za mapema. Sare, jamani! Ukitafuta "re-entry" huipati hata ukikesha, kwa sababu kichwa chake kinazungumzia elimu, UKIMWI na uzazi wa mapema.

Tafuta NBER (taasisi ya utafiti wa uchumi ya Marekani) na IDEAS/RePEc (hifadhidata ya makala za uchumi). Nakala za awali za makala za uchumi mara nyingi ziko wazi kwenye kurasa za waandishi wenyewe.

#8 TakwimuTupu
Asante mzee kwa marekebisho. BintiBungoma, Kremer ndiye yule wa Nobel ya 2016?

#9 BintiBungoma
2019, pamoja na Banerjee na Duflo. Na sehemu kubwa ya kazi iliyompa jina ilifanyika kwenye madarasa ya Busia.

#10 JaKondele
Hapo ndipo nami ninaposema. Watoto wetu wametoa data, majina yaliyoko juu ya makala ni ya Boston. Mwalimu aliyepanga watoto kwenye mstari wa kumeza dawa ametajwa ukurasa gani?

#11 OmwanaWaMumias
Omera, wewe hata ukiulizwa saa utajibu siasa 😅 Lakini hapo una hoja.

Ongezeni na kabati la tatu: afya. Mke wangu ni muuguzi na yeye ndiye alinifunza kutumia PubMed, hifadhidata ya makala za tiba. Kwa sababu ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba iliyoko pale Kisumu, eneo hili limetafitiwa kiafya pengine kuliko sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Kuna tafiti za Siaya kuhusu taulo na vikombe vya hedhi kwa wasichana wa shule, na moja ya mambo waliyopima ni kuacha shule. Hizo ziko kwenye majarida ya tiba. Na watu wa afya hawaandiki "Kisumu County" kwenye kichwa, wanaandika "western Kenya". Kwao Siaya, Kisumu na Homa Bay zote ni "western Kenya", hata kama sisi Waluhya tunasema Magharibi ni kwetu.

#12 NyarAhero
Asanteni sana. Nimefanya alivyosema Mkutubi: "teenage mothers" OR "adolescent mothers" OR "pregnant students", nikayafungia kwenye mabano, halafu AND Kenya. Sikuweka Kisumu kabisa. Tofauti ni kubwa, sasa ninazo za kusoma. Nimegundua pia kwamba Ahero kwenye makala za zamani iko "Nyando District", kwa hiyo nimeliongeza hilo.

Sera yenyewe nayo imenisaidia kupanga miaka. Iliyoruhusu wasichana kurudi ni ya 2003 ilipokuja elimu ya msingi bila malipo, sivyo?

Kikwazo sasa ni kufuli. Ikisiri nasoma, nikibonyeza makala yenyewe naambiwa nilipe dola. Pesa wanayotaka kwa makala moja ni mboga ya wiki nzima nyumbani kwangu.

#13 MzeeNjoro
Sivyo, mwalimu. Sera ya kuwarudisha shule ni ya 1994. Ya 2003 ni elimu bila malipo peke yake. Kisha kuna miongozo ya kitaifa ya kurudi shule ya 2020, ambayo wizara iliitoa wakati wa korona. Hiyo 1994 iandike vizuri, maana wakati wa kutetea ndipo watakapokushika.

#14 MkutubiNax
Kuhusu kufuli, usilipe kwanza.

Chuo chako karibu kwa hakika kiko ndani ya KLISC, muungano wa maktaba unaonunua hifadhidata kwa pamoja. Maana yake ada yako tayari imelipia majarida mengi, na wanafunzi wengi humaliza masomo hawajui. Nenda maktaba uulize jinsi ya kuingia ukiwa nyumbani. Ukiwa chuoni unaingia moja kwa moja, ukiwa Ahero unahitaji akaunti ya mbali.

Usipofaulu, fungua akaunti ya bure ya JSTOR, unasoma makala 100 kwa mwezi mtandaoni bila kupakua. Weka kiendelezi cha Unpaywall kwenye kivinjari chako: kama kuna nakala halali ya bure mahali popote, alama ya kufuli ya kijani inatokea pembeni. Kwenye Google Scholar bonyeza "All versions" chini ya makala, mara nyingi moja kati yake ni PDF ya mwandishi. Yote yakishindikana mwandikie mwandishi barua pepe fupi. Watu hufurahi wakiombwa kazi yao.

#15 Kijana_Section58
Mbona mnazunguka? Kuna tovuti ya kuvunja kufuli, unabandika DOI (namba ya utambulisho ya makala) unapata. Wote tunaitumia.

#16 MkutubiNax
Najua ipo. Mimi nikiwa kwenye dawati la maktaba siwezi kuielekeza, na si lazima. Pia makala za miaka ya karibuni nyingi hazimo. Tumia njia nilizotaja.

#17 JaKondele
Kijana usiogope. Makala imeandikwa kwa jasho la watoto wetu, sasa mwalimu wao aambiwe alipe dola kuisoma? Hapo mwizi ni nani?

#18 MzeeNjoro
Hasira yako naielewa, JaKondele, tena nakubaliana na nusu yake. Lakini kuna majarida ya Afrika ambayo hatuyafungui halafu tunalalamika. AJOL, African Journals Online, ipo tangu 1998, makao yake Afrika Kusini, na mengi humo ni wazi. Je, umewahi kuiingia?

#19 JaKondele
Sijaingia mzee. Nitaingia leo.

#20 AkinyiUtafiti
Nimefuatilia kimya, naomba niongeze. Kuna kitu kinaitwa African Education Research Database, kimejengwa na ESSA, shirika la elimu ya Afrika kusini mwa Sahara, pamoja na kituo cha REAL cha Chuo Kikuu cha Cambridge. Wao walikusanya makusudi tafiti za elimu za watafiti walioko Afrika kusini mwa Sahara, unachagua nchi na mada. Ni jibu la sehemu kwa hoja ya JaKondele, kwa sababu majina pale ni yetu.

Kwa zile jalada jeusi za MzeeNjoro, tumia Google ya kawaida, si Scholar. Andika site:ac.ke kisha "teenage mothers" Nyanza, halafu filetype:pdf. Itachimba tovuti za vyuo vya Kenya peke yake: Maseno, Masinde Muliro, Jaramogi, Egerton, Moi, Kibabii, vyote. Nilichoona ni kwamba vyuo vingine vimeweka ikisiri tu au kurasa chache za mwanzo, na hazina nyingine hulala siku nzima seva ikiwa imezimika. Ya chuo nilichosomea mimi huwa hewani usiku zaidi kuliko mchana. Ukipata PDF pakua hapo hapo, usiseme utarudi kesho.

Na Wakenya waliosomea udaktari Marekani, kazi zao ziko ProQuest, hifadhidata ya tasnifu. Wengi walirudi nyumbani kukusanya data.

#21 Kijana_Section58
Swali la haraka. Nimemwomba yule roboti wa AI anipe marejeo ya mada hii. Amenipa manane, majina ya Kijaluo na Kiluhya, miaka, majarida, kila kitu. Nimpelekee NyarAhero?

#22 AkinyiUtafiti
Usithubutu kabla ya kuyakagua. Chukua kila kichwa ukibandike kwenye Crossref, sajili ya DOI za makala. Angalia DOI kama inafunguka na kama inakupeleka kwenye makala hiyo hiyo. Mwanafunzi mwenzangu aliletewa makala yenye jina la mhadhiri wetu wa kweli kuhusu mada ambayo mhadhiri huyo hajawahi kuigusa. Jina sahihi, jarida sahihi, makala haipo.

#23 Kijana_Section58
Nimekagua. Kati ya manane, mawili ndiyo yapo. La tatu lina DOI lakini inafungua makala ya udongo wa Brazil.

#24 OmwanaWaMumias
Basi NyarAhero ana samaki na udongo, abaki kulima mpunga 😂😂

#25 MwalimuKericho
Naomba kutofautiana na wote. Kwa nini msimamizi anang'ang'ania "za hapa"? Binti anayenyonyesha Ahero na binti anayenyonyesha Lilongwe wana shida moja: nani atabaki na mtoto, nani atalipa karo, wenzake watamcheka au la. Tafiti za Malawi na Afrika Kusini ni nyingi na zina ubora. Pengine tatizo si hifadhidata wala mfadhili. Pengine msimamizi anauliza swali lisilo na maana.

#26 BintiBungoma
Siyo lisilo na maana. Sheria, karo na mitihani ni vya nchi. Hata ndani ya Kenya mambo hubadilika: mradi wa PRIMR ulipojaribu kufundisha kusoma kwa lugha ya mama, ulitumia Lubukusu kwetu Bungoma na Kikamba Machakos. Huwezi kuchukua matokeo ya Machakos uyabandike Bungoma bila kuangalia nani anaongea nini na walimu wametumwa wapi.

#27 MwalimuKericho
Hiyo ni lugha, ni kweli inategemea mahali. Njaa na aibu hazitegemei mahali.

#28 NyarAhero
Mwalimu wa Kericho, aibu inategemea sana mahali. Kwetu kuna shule ambazo binti akirudi, mwalimu mkuu anamtafutia nafasi ya bweni. Nyingine mama yake anaambiwa mbele ya wazazi amtafutie "shule ya saizi yake". Umbali kati ya shule hizo mbili ni nauli ya boda. Kama mahali hapaleti tofauti, basi sioni nitafiti nini.

#29 MwalimuKericho
Hoja hiyo naikubali. Lakini basi iandike kwenye sura ya kwanza, maana ni utafiti mzima huo.

#30 TakwimuTupu
Jambo lingine la kuangalia. 2025 bajeti ya ERIC ilikatwa na orodha ya majarida wanayoyaingiza ikapunguzwa. Kwa hiyo makala mpya ikikosekana pale, isichukuliwe kama ushahidi kwamba haijaandikwa. Na ripoti za miradi ya USAID, kama zile za kusoma za Tusome, msizitegemee kwenye hifadhi yao ya zamani. Tafuteni kwa RTI waliotekeleza mradi.

#31 MkutubiNax
Kweli. Ndiyo maana huwa nasema andika daftarini tarehe uliyotafuta, hifadhidata, na maneno yenyewe kama ulivyoyaandika. Msimamizi akiuliza tena "ziko wapi", unamwonyesha ulikopita.

#32 Wanjiru_wa_Njoro
Samahani kwa kuingilia, mimi natafiti ufundishaji wa Kiswahili shule za msingi Nakuru. Mbinu ni hizi hizi?

#33 MkutubiNax
Ni hizi hizi, dada, ila andika "Kiswahili" OR "Swahili", maana ERIC hutumia la pili na watafiti wa Kenya hutumia la kwanza. Na AJOL usiiruke, kuna majarida yanayochapisha kwa Kiswahili chenyewe.

#34 JaKondele
Nimerudi kutoka AJOL. Zipo, mzee, nakubali zipo. Lakini nimehesabu wangapi kati ya waandishi walifadhiliwa na serikali ya Kenya kwenye zile nilizofungua, na sijaona hata mmoja aliyetaja. Kwa hiyo hoja yangu ya #2 nairudia: anayelipa ndiye anayechagua swali. Hakuna mfadhili aliyeuliza kuhusu dawati la karibu na mlango.

#35 MzeeNjoro
Tasnifu hazifadhiliwi na mtu, JaKondele. Mwalimu hujilipia kwa mkopo wa SACCO na huchagua swali lake mwenyewe. Ndiyo maana nasema ziko kwenye rafu.

#36 JaKondele
Na kwa nini zimebaki kwenye rafu?

#37 NyarAhero
Jumamosi nakwenda maktaba, kwanza kwa ile akaunti ya mbali, pili kwa rafu za mzee. Ombi kwa mliosomea vyuo vya huku: kama unakumbuka tasnifu yoyote kuhusu wasichana na kurudi shule, hata kama haiko mtandaoni, niandikie chuo, idara na mwaka. Jina la mwandishi si lazima, nitalikuta kwenye jalada.

#38 AkinyiUtafiti
Nakumbuka moja, idara ya saikolojia ya elimu. Nakutumia faraghani.